Kubadilisha betri kubwa ya Nissan Leaf mwenyewe: mwongozo kamili

Gari langu la umeme, Nissan Leaf ya 2012, lilipofika Mombasa lilinifikisha Kilifi bila wasiwasi. Miaka michache baadaye likawa linaniacha na jasho nikikaribia Mtwapa, feni imezimwa, madirisha wazi, jicho kwenye dashibodi yenye maandishi ya Kijapani ambayo mpaka leo sijui nusu yake yanasema nini. Vijiti vya dashibodi vinavyoonyesha uwezo wa betri vilikuwa sita kati ya kumi na viwili. Hapo ndipo nilipoamua kubadilisha betri kubwa kwa mikono yangu.

Nimeshafanya kazi hii mara kadhaa sasa, na jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza ni hili: spana ni za saa mbili, kungoja na kupima ni kwa siku nzima. Wanaoumia si wale wasiojua kufungua boliti. Ni wale wanaoona uvivu kungoja dakika kumi.

Mwongozo huu ni wa kushusha betri nzima na kupandisha nyingine nzima. Kuifungua betri yenyewe na kugusa moduli za ndani (vifurushi vya seli) ni kazi nyingine kabisa, na nitasema chini kwa nini siifanyi uwanjani kwangu.

Kwanza hakikisha mgonjwa ni betri kubwa

Leaf ina betri mbili. Kubwa iko chini ya sakafu, na kwa magari ya kilowati-saa 24 ina seli 192 zilizopangwa jozi 96 mfululizo, jumla karibu volti 360, na ikijaa inakaribia 400. Ndogo ni ile ya kawaida ya volti 12, iko mbele chini ya boneti. Ndogo ikichoka, gari hutoa taa za kila rangi na kukataa kuwaka, na mwenye gari hukimbilia kulia kwamba betri kubwa imekufa. Pima ndogo kwanza. Nimeona mtu akijadiliana bei ya betri ya laki kadhaa wakati shida yake ilikuwa betri ya elfu chache.

Kisha nunua kifaa kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye tundu la OBD (la kusomea kompyuta ya gari) chini ya usukani, weka programu ya LeafSpy kwenye simu, usome mambo mawili. La kwanza ni SOH, yaani asilimia ya uwezo uliobaki. La pili, ambalo wengi hulipuuza, ni tofauti ya volti kati ya seli. Lisome gari likiwa na chaji ndogo na ukiwa unakanyaga mafuta (tunaendelea kusema mafuta, hata pasipo na tone). Kama seli zote zinashuka pamoja, betri imezeeka na inahitaji kubadilishwa. Kama seli moja au mbili zinazama peke yake huku nyingine zikiwa salama, kuna moduli mbovu tu, na hiyo ni ya fundi aliyesomea kufungua betri.

Wenye Leaf ya kilowati-saa 30 wawe na subira zaidi. Kompyuta za betri hizo zilikuwa na kasoro ya programu iliyozifanya zionyeshe uwezo mdogo kuliko uliopo kweli, na mwaka 2018 Nissan ilitoa programu mpya ya kurekebisha. Uliza kama gari lako lilishawekewa kabla hujauza mbuzi.

Vijiti navyo havisemi ukweli wote. Kijiti cha kwanza hakianguki mpaka betri ipoteze karibu asilimia 15. Vinavyofuata huanguka kila inapopotea kama asilimia 6. Gari la vijiti 11 unaloambiwa "ni kama jipya" tayari limeshakula asilimia 15 ya betri. Na joto letu la Pwani halisaidii: betri ya Leaf haina maji ya kuipoza, inategemea upepo wa chini ya gari tu. Wenye Leaf wa Arizona, Marekani, walilalamika kuhusu hilo tangu 2012.

Kununua betri nyingine, na hila ya vijiti 12

Hapa ndipo pesa zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Betri nyingi utakazoonyeshwa zimetolewa kwenye magari yaliyogongwa. Kuna mtambo wa Nissan wenye uwezo wa kumwambia gari kwamba betri ni mpya, ufute kumbukumbu yote ya uchakavu. Mtambo huo uliwekwa kwa sababu halali, lakini mikononi mwa mchuuzi mjanja hugeuka rangi ya kupaka kwenye nyumba mbovu. Betri iliyofutwa huonyesha vijiti 12, na hata LeafSpy husoma vizuri. Baada ya wiki kadhaa za kuendesha, kompyuta inagundua ukweli na vijiti vinaanza kudondoka kimoja kimoja kama embe za upepo. Mimi mwenyewe niliuziwa betri ya namna hiyo. Muuzaji alikuwa mpole sana, akanikaribisha na kahawa.

Njia ya kujikinga ni kutoamini skrini. Kama betri bado iko kwenye gari linalotembea, liishe chaji mpaka karibu na mwisho, kisha uchaji hadi mwisho kupitia mita ya umeme inayohesabu yuniti. Betri ya 24 ikiwa mpya huruhusu kutumika karibu kilowati-saa 21, na njiani kuna umeme unaopotea kama joto, hivyo mita itasoma kama yuniti 24. Mita ikisoma 14 au 15, una betri ya asilimia 60 mkononi, hata vijiti viwe kumi na viwili na vinang'aa. Kama betri imeshatolewa kwenye gari, dai picha za LeafSpy zenye namba ya betri na kilomita za gari lililotoka, na ulipe bei ya betri isiyopimwa.

Sasa kizazi cha betri. Kubadilisha ya kilowati-saa 24 kwa ya 24 ya miaka inayokaribiana ndiyo rahisi. Ya 40 (magari kuanzia mwishoni mwa 2017) inaingia kwenye matundu yaleyale ya Leaf ya zamani, lakini kompyuta haziongei lugha moja, hivyo huhitaji kifaa cha kutafsiri ujumbe katikati yake. Ya 62 ni nene zaidi na ina uzito unaozidi ile ya zamani kwa zaidi ya kilo 100. Inashuka chini ya gari, inadai vipande vya kuinulia na springi za kuimudu. Kwa mara yako ya kwanza, baki na ya aina ileile.

Ukiagiza kutoka Japani, betri ya lithiamu iliyotolewa kwenye gari husafirishwa kama mzigo wa hatari wa daraja la 9, kwa namba ya Umoja wa Mataifa 3480. Atakayekuambia "tutaificha ndani ya kontena la spea" anakuuzia moto wa baharini. Huko Japani kuna betri zilizorekebishwa rasmi: kampuni ya 4R Energy, ya Nissan na Sumitomo, ilifungua kiwanda chake mjini Namie, Fukushima, mwaka 2018, na bei ya mwanzo ya betri ya 24 iliyorekebishwa ilikuwa yeni 300,000 kwa wateja wa hukohuko. Hiyo ikupe kipimo unapotajiwa bei Mombasa au Dar.

Sheria inasemaje

Kanuni inayotumiwa na nchi nyingi kuhusu usalama wa umeme wa gari ni namba 100 ya Umoja wa Mataifa, ambayo mafundi huiita R100. Mambo yake yanayokuhusu ni machache na yana namba. Umeme wa moja kwa moja (DC, kama wa betri) unaozidi volti 60 ni umeme wa hatari. Nyaya zake lazima ziwe na rangi ya chungwa. Kinga kati ya umeme huo na bodi isipungue omu 100 kwa kila volti, kwa hiyo kwa betri ya volti 400 ni omu 40,000 kwa uchache. Na chuma cha kasha la betri kiunganishwe na bodi kwa waya ambao ukinzani wake hauzidi omu 0.1. Namba hizi mbili za mwisho utazipima mwenyewe mwisho wa kazi.

Kenya, magari ya mtumba hayaruhusiwi kuingia yakizidi miaka 8, ndiyo maana Leaf za 24 zilizobaki ni zile zilizoingia zamani, nazo ndizo zenye betri zilizochoka. Kubadilisha betri kwa ya aina ileile ni matengenezo. Kuweka kubwa zaidi kunabadilisha uzito wa gari na ni jambo la kupeleka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa ukaguzi, na la kuandikia kampuni ya bima kabla hujaingia barabarani. Bima ikikuta baada ya ajali betri isiyolingana na gari walilolikatia, utajua maana ya herufi ndogo. Watanzania na Waganda waulize ofisi zao. Usichukue neno la jirani.

Halafu kazi hii isichanganywe na biashara ya vituo vya kubadilishana betri za bodaboda. Hiyo ina mwongozo wake, uliotolewa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, mwaka 2023.

Vifaa na mahali

Betri ya 24 ina uzito wa karibu kilo 290. Haishikwi na watu wanne wenye nguvu, hata wakisema wanaweza. Unahitaji lifti ya gereji na meza imara yenye magurudumu inayobeba nusu tani. Jeki ya kawaida na matofali ni kaburi. Kama huna lifti, kodi nafasi ya siku moja kwenye gereji yenye nayo. Ni rahisi kuliko mazishi.

Kwa ajili ya umeme: glovu za mpira za daraja 0, za volti 1000, na glovu za ngozi za kuvaa juu yake. Zile nyekundu za kuoshea vyombo hazihesabiki. Kila asubuhi ya kazi, kunja glovu kutoka kwenye mkono kwenda vidoleni mpaka ijae hewa, uiweke karibu na shavu. Ukisikia pumzi, itupe. Mita ya umeme iwe ya daraja la usalama CAT III, volti 1000, na spana ziwe zenye mpira wa kinga. Vua saa, pete, mkufu. Toa simu mfukoni.

Na usifanye peke yako. Mtu wa pili asimame kando, asiguse kitu, awe na fimbo kavu ya mbao ndefu ya kukusukuma ukikwama. Ajue namba ya kupiga. Kazi iwe mahali penye hewa, hose ya maji iwe tayari, na pawe na nafasi ya wazi ya mita 15 kutoka jengo lolote ya kuburuzia betri ikianza kuleta shari.

Siku yenyewe

Shusha chaji mpaka chini ya asilimia 30 siku iliyotangulia. Betri yenye chaji ndogo ikipata ajali ina hasira ndogo.

1. Zima gari, toa chaja, futa saa za kuchaji na za kiyoyozi. Peleka ufunguo mbali, si juu ya meza. Leaf iliyozimwa inaweza kujiamsha yenyewe ili kuchaji betri ndogo, na ikijiamsha swichi zake huunganisha umeme mkubwa huku wewe uko chini yake.

2. Toa waya hasi wa betri ndogo, uufunge kwa tepu usirudi kugusa.

3. Fungua kifuniko kilichoko kwenye sakafu ya abiria wa nyuma, katikati, chini ya zulia. Vaa glovu. Ndani kuna plagi ya usalama yenye mkono wa kuvuta. Inua mkono, vuta, toa. Iweke mfukoni mwako. Ninamaanisha mfukoni, si kwenye dashibodi: ikiwa mfukoni mwako hakuna msaidizi mwenye nia njema atakayeirudisha.

4. Ngoja dakika 10. Inverta, inayogeuza umeme wa betri kwa ajili ya mota, ina kapasita zinazoshikilia umeme hata baada ya kukatwa. Mara ya kwanza kijana wangu wa gereji alisimama hapo akiguna: "Fundi, si imeshazima hii?" Nikamwambia akatuletee chai. Aliporudi dakika zilikuwa zimebaki tatu, tukainywa palepale.

5. Pandisha gari, ondoa vifuniko vya plastiki vya chini. Mbele ya betri utaona plagi kubwa ya chungwa, plagi ndogo ya nyaya nyembamba za kompyuta, na waya wa bodi. Anza na ile ndogo. Kisha fungua ya chungwa kwa mkono wake, hatua kwa hatua. Ikikataa usiilazimishe kwa bisibisi.

6. Sasa pima. Mita igusishwe kwanza kwenye chanzo unachokijua, kama betri nyingine ya 12, uone inasoma. Halafu pima ncha za upande wa gari: isome chini ya volti 5. Pima na ncha za upande wa betri: nazo ziwe karibu sifuri, kwa kuwa plagi ya usalama imetoka na swichi za ndani zimekata umeme. Kisha rudia kwenye chanzo ulichoanzia. Mita iliyokufa katikati husoma sifuri tamu sana. Tumia mkono mmoja, mwingine uweke mgongoni.

Kama upande wa betri unasoma mamia ya volti, simama. Kuna kitu ndani hakikukata. Funika ncha kwa kinga, na hapo mwongozo huu umefika mwisho kwako. Mwite fundi wa magari ya umeme.

7. Fungua waya wa bodi. Sukuma meza chini ya betri, shusha gari polepole mpaka betri ikae juu ya meza. Boliti zifunguliwe kwa kuzunguka, na nne za pembeni ziachwe za mwisho. Ndipo upandishe gari na kuiacha betri mezani. Kwa njia hii hakuna wakati ambapo betri inaning'inia juu ya kichwa cha mtu. Hakikisha gari limefungwa mikanda kwenye lifti, maana likipungua kilo 290 uzito wake huhama.

8. Kagua betri mpya kabla ya kuipandisha: kasha lisiwe na bonde wala ufa, kusiwe na harufu tamu kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, lisiwe la moto kuliko vitu vinavyolizunguka. Chochote kati ya hivyo, ipeleke nje.

Kurudisha ni kinyume chake, isipokuwa waya wa bodi: ufunge mapema, usafishe chuma mpaka king'ae. Boliti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa namba za kitabu cha gari lako. Plagi ya chungwa ibonyezwe mpaka ilie. Plagi ya usalama inafuata, na betri ndogo ndiyo ya mwisho.

Kwa nini sifungui kasha? Kwa sababu plagi ya usalama inakata mnyororo wa seli, haizimi seli. Kila upande bado una zaidi ya volti mia, na hakuna swichi duniani inayozizima. Chini ya gari, umeme umefungiwa. Ndani ya kasha uko uchi.

Kuitambulisha kwa gari

Gari linajua namba ya betri yake. Likikuta ngeni, litakataa kuwaka sawasawa au litakupa nguvu ndogo na alama ya kobe kwenye dashibodi, na kobe huyo hana utani. Inahitajika mashine ya Nissan iitwayo Consult, au fundi mwenye programu inayofanya kazi hiyo, kusajili betri mpya. Panga naye kabla ya siku ya kazi. Nimeliona Leaf moja likikaa wiki tatu kwenye lifti ya watu kwa sababu mwenyewe alidhani hiyo ni dakika ya mwisho.

Kabla ya barabara

Waya wa betri ndogo na plagi ya usalama vikiwa vimetolewa tena, dakika 10 zimepita na plagi ya chungwa imefunguliwa, chukua mega, ile mita ya mafundi umeme ya kupimia uvujaji, kwenye volti 500. Pima kati ya ncha za chungwa za upande wa gari na bodi. Sheria inataka omu 40,000. Gari lisilo na kasoro husoma mamilioni. Likisoma karibu na mpaka, kuna unyevu au waya uliokwaruzwa, usijifariji kwamba limepita. Usiguse nyaya nyembamba za kompyuta kwa mega, utazichoma. Kisha pima waya wa bodi kati ya kasha na chuma cha gari.

Ukishawasha, soma LeafSpy bila kusogea. Endesha mtaani kilomita tano, rudi, pandisha tena gari, angalia boliti na kama kuna joto mahali pasipostahili. Chaji ya kwanza iwe mchana, nje, ukiwa macho.

Ikitokea moshi, usihangaike na kizimamoto cha unga. Hakipozi seli. Ondoa watu, kaa upande upepo unakotoka kwa kuwa moshi huo una sumu, ita zimamoto na uwaambie ni betri ya lithiamu ili waje na maji mengi. Betri iliyoonekana kuzimika inaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi.

Ile ya zamani

Haiendi kwenye vyuma chakavu. Siku ya tatu baada ya kushusha yangu, alikuja mnunuzi na mkokoteni na shoka, akaiangalia, akauliza: "Hii ni kilo ngapi, mzee?" Nilimweleza kwamba shoka lake likiingia hapo hatutaonana tena. Hakuamini mpaka nilipomtajia volti zilizomo ndani.

Betri ya asilimia 50 haifai kuendesha gari, lakini inafaa kuhifadhi umeme wa jua, na wapo mafundi wanaozinunua kwa kazi hiyo. Mpaka apatikane, ihifadhi kavuni, kivulini, kwa chaji ya kama theluthi moja, mbali na nyumba, plagi ya usalama ikiwa imetolewa na tundu lake limefunikwa, na ncha za chungwa zimefungwa. Yangu ilikaa miezi miwili chini ya bati nyuma ya gereji. Plagi yake bado iko kwenye droo ya meza yangu, maana aliyenunua aliisahau, na hajaipigia simu.